Kondoo wa Mkuza Hana Sufu, na Hiyo Ndiyo Afya Yake

Nyuma ya zizi langu hapa Mkuza, Kibaha, pana msufi mkubwa. Kiangazi kikishika, maganda yake hupasuka na upepo huitawanya sufi nyeupe uani, ikawakalia kondoo migongoni. Asubuhi moja ya namna hiyo jirani yangu, mama mtu mzima anayeuza maandazi njiani kuelekea Kwa Mathias, alisimama kwenye ua akawatazama kwa muda. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akauliza: "Bwana mifugo, hii sufu ya kondoo wako unampelekea nani? Mjukuu wangu kanionyesha kwenye simu, huko kwa wenzetu wanainyoa, wanaisokota uzi, wanafuma masweta. Wewe mbona unaiacha inapeperuka?"

Nikamwambia, "Mama, hiyo ni sufi ya mti huu, si sufu ya kondoo." Akainama, akamshika jike mmoja mgongoni, akapapasa. Alichokikuta ni nywele fupi, nyoofu, ngumu kidogo, kama za mbuzi. Akanyanyuka akasema, "Kumbe hawana kitu!"

Neno hilo la "hawana kitu" ndilo lililonikalisha kuandika. Wanaoniuliza ni wengi: wastaafu waliohamia huku kutoka Dar es Salaam, vijana walionunua nusu eka Kibaha au Kisarawe wakitaka kondoo kumi wa kuanzia, na wote huja na picha ya kondoo aliyevaa blanketi mwilini. Wanadhani kondoo wetu amepungukiwa, kwamba ipo mbegu bora mahali fulani ambayo ikiletwa hapa itatupa nyama na uzi pamoja. Nataka kueleza kwa nini sivyo. Nywele hizo fupi ndizo zinazomweka hai kondoo wa Pwani, na mwenye kuzielewa atamfuga vizuri zaidi.

Tuanze na uzi wenyewe. Maneno sufi na sufu yote yametoka katika Kiarabu, na asili yao ni moja: manyoya ya kondoo. Watu wa Pwani wakayagawa, mti ukapewa lake na mnyama lake. Lakini kwenye kidole cha msokotaji vitu hivi viwili havifanani hata kidogo.

Aliyekulia karibu na bahari amewahi kuona kamba ya makumbi ikisokotwa. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye matope ya ufukweni kwa miezi, yakatolewa, yakapondwa, kisha mama anayaviringisha viganjani mpaka yawe kamba ya kufungia dau. Hakuna gundi wala fundo. Nyuzinyuzi fupi zimelazwa sambamba, zikapindwa, na ule mpindo unazibana zisichomoke. Kusokota uzi wa sweta ni kazi hiyo hiyo kwa nyuzinyuzi zilizo nyembamba zaidi. Kwa hiyo mtu wa Pwani si mgeni wa kusokota. Wanaakiolojia waliochimba Kilwa Kisiwani, miongoni mwao Neville Chittick katika miaka ya 1960, walikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa tundu katikati. Hizo zilikuwa pia, yaani vyombo vya kusokotea: unapachika kijiti kwenye tundu, unakizungusha, uzito wa kigae unakifanya kiendelee kuzunguka wakati unaachia pamba kidogo kidogo. Waswahili wa Kilwa walivaa nguo iliyosokotwa na kufumwa nyumbani kwao, na nguo hiyo ilikuwa ya pamba.

Pamba husokoteka kwa sababu kila unyuzi wake, ganda linapopasuka na kukauka, hubonyea na kujinyonga kama utepe. Utepe uliojinyonga hushikana na mwenzake. Sufi ya msufi ni kinyume. Unyuzi wake ni mrija mtupu uliojaa hewa, mfupi, laini, una nta juu yake. Ukiupinda unateleza. Ndiyo maana sufi huishia kwenye mito na magodoro, na zamani ilijazwa kwenye maboya ya kujiokolea baharini, kwani maji hayaipenyi kirahisi.

Sufu ya kondoo ni protini ya keratini, ile ile iliyo kwenye kucha zako. Ukiitazama kwa darubini utaona magamba madogo yaliyopangana kama vigae vya paa, na unyuzi wenyewe una mawimbi kutoka mwanzo hadi mwisho. Magamba yanakamatana, mawimbi yanajikunja ndani ya uzi na kufungia hewa, na hewa hiyo ndiyo joto la sweta. Unyuzi mmoja wa kondoo wa Merino una unene wa maikroni 17 hadi 24 hivi, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwa cha binadamu ni mnene mara mbili au tatu ya huo. Zaidi ya hayo, sufu hunyonya unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi majimaji.

Sasa nywele za kondoo wangu. Ni nene, ni nyoofu, hazifiki hata urefu wa pingili mbili za kidole, zina kiini chenye uwazi ndani, na hupukutika zenyewe. Kuzisokota ni kama kujaribu kusokota vijiti vya ufagio wa chelewa. Tofauti inaanzia ndani ya ngozi. Kondoo ana vinyweleo vya aina mbili: vya kwanza, vinavyootesha nywele ngumu, na vya pili, vinavyootesha unyuzi mwembamba wa sufu. Kondoo wa Merino ana takriban vinyweleo 20 vya pili kwa kila kimoja cha kwanza. Kondoo wetu ana vichache tu, na vinachootesha ni haba. Hili halitibiki kwa chakula wala kwa dawa. Limeandikwa katika mbegu.

Wala tusidhani kwamba kondoo wa mwanzo alikuwa na sufu, kisha wetu akaipoteza kwa ufukara. Kondoo walipoanza kufugwa huko Asia ya Magharibi, takriban miaka 10,000 iliyopita, walikuwa na nywele za mnyama wa porini. Sufu ilikuja baadaye sana, watu walipochagua vizazi kwa vizazi wale wenye manyoya mengi. Kondoo wa nywele ndiye wa asili.

Anayetaka kuona sufu ikisokotwa katika Afrika Mashariki apande Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi mtu huvaa koti. Huko kuna kikundi cha wanawake, Nanyuki Spinners and Weavers, kilichoanzishwa mwaka 1977 kupitia umoja wa wanawake wa Kanisa la Presbiteri. Nawaeleza wanaoniuliza hatua za kazi hiyo, kwa sababu video za simu huruka zile ngumu. Manyoya yakishanyolewa hupangwa kwa ubora: ya begani ni mazuri, ya tumboni na ya miguuni huwekwa kando. Yana mafuta mengi, lanolini ile iliyomo katika krimu za midomo, pamoja na jasho na udongo, na yakishafuliwa huweza kupoteza theluthi hadi nusu ya uzito wake. Kufua kwenyewe kuna mashaka, kwani maji ya moto yakichanganyika na kusugua, yale magamba hufungana na sufu hugeuka kuwa kitu kama zulia. Hufuata kuchana kwa brashi mbili zenye meno ya waya mpaka nyuzinyuzi zilale sambamba. Ndipo gurudumu la kukanyaga kwa mguu linapoingia. Uzi mmoja ukipatikana husokotwa na wa pili kwa kuzungusha upande wa kinyume, ili usijinyonge. Baadaye unatiwa rangi. Mfumaji mmoja huhitaji wasokotaji kadhaa wa kumlisha uzi. Hii ni kazi ya baraza zima la watu, inayoheshimika, na imesimama pale kwa sababu baridi ya mlima inawakubali wale kondoo.

Kibaha tuko chini ya mita 200. Jua la Februari hapa halina mzaha, na masika, kuanzia Machi hadi Mei, hutulowesha. Watu huniambia, "Lakini Australia kuna joto kali na kondoo wa sufu wamejaa." Ni kweli, na hoja hiyo inastahili jibu. Katika jangwa kavu sufu humkinga kondoo na jua, kwa sababu hewa iliyofungwa ndani yake huzuia joto kuingia kama inavyozuia kutoka. Tatizo letu ni joto likiwa na unyevu. Manyoya mazito yakilowa masika hayakauki. Bakteria huzaliana kwenye ngozi, sufu hugeuka rangi na kunuka, nzi huvutwa na harufu hiyo na kutaga, na mabuu huanza kumla kondoo akiwa hai. Ongeza kishonanguo. Kila mkazi wa Mkuza anajua mbegu zile zinavyonasa kwenye sketi na suruali. Fikiria zikinasa ndani ya manyoya ya kidole kizima cha kina, halafu fikiria mtu anayepaswa kuzitoa moja moja kabla ya kuchana.

Dume naye huathirika. Mbegu zake za uzazi hutengenezwa kwa takriban wiki saba, na joto likizidi katika muda huo, hupandisha bila majike kushika mimba. Mfugaji husubiri miezi mitano asione kitu.

Historia imeshalipima jambo hili kwa gharama kubwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, mlowezi Lord Delamere alileta madume ya kondoo wa sufu kutoka ng'ambo mpaka Njoro, Kenya, akawapandisha kwa majike ya Kimasai. Njoro ni kwenye baridi, si Kibaha, na bado walikufa kwa wingi, kwa magonjwa na kwa upungufu wa madini katika malisho ambayo Wamasai wenyewe walikuwa wakiyaepuka. Walowezi walipata hasara miaka mingi kabla sufu haijakubali huko juu.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa Diani, kusini mwa Mombasa. Katika miaka ya 1990 watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi, walifuga pamoja kondoo wekundu wa Kimasai na kondoo wa Dorper. Dorper ni mbegu iliyotengenezwa Afrika Kusini kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza, mwenye sufu, na yule mwenye kichwa cheusi anayeitwa wa Kiajemi, ingawa asili yake ni Somalia. Dorper ana umbo kubwa na nyama nyingi, na sokoni anapendeza. Lakini Diani ni joto na unyevu kama hapa, na minyoo ni mingi. Wanakondoo wa Kimasai walikuwa na mayai machache ya minyoo katika kinyesi, damu yao haikupungua sana, na walikufa wachache. Ukihesabu kundi zima, yule mdogo mwekundu alizalisha zaidi ya mkubwa. Ninapoona tangazo la mbegu ya kisasa kwa wafugaji wa Pwani, nafikiria Diani.

Mnyoo anayezungumzwa hapa ndiye adui wangu wa kila siku, kwa hiyo nieleze siku yenyewe inavyokwenda.

Saa kumi na mbili asubuhi naingia zizini, lakini sifungui. Banda langu ni la kichanja, sakafu ya mbao zilizoachiana nafasi ya upana wa kidole, juu ya ardhi kama mita moja, paa la makuti. Makuti yana ubaridi kuliko bati, na kinyesi kikidondoka chini kwato hubaki kavu. Kwato zikikaa kwenye tope wiki mbili huanza kuoza, na kondoo anayechechemea hali vya kutosha.

Wazee wamesema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Kwa mganga wa mifugo, methali hiyo ni onyo. Mbuzi akiumwa tumbo mtaa mzima utajua. Kondoo huumwa kimya, anatembea na wenzake, anainamisha kichwa kama anayekula, mpaka siku anapoanguka. Kwa hiyo mwenye kondoo lazima awe mtazamaji. Nasimama dakika chache kabla ya kuwagusa. Nani hajainuka? Nani anabaki nyuma wenzake wakisogea? Nani anatoa makamasi? Makamasi, vidonda mdomoni na kuhara vikija pamoja nawaza sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo ilithibitishwa nchini mwaka 2008 na haina dawa, ina chanjo tu. Ni ndugu wa sotoka ya ng'ombe, ile iliyotangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani.

Halafu macho. Nambana kondoo kidogo, navuta kope la chini, natazama rangi ya ndani. Nyekundu ni salama. Waridi iliyofifia ni shaka. Nyeupe ni hatari. Njia hii ilipangwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, ikawekewa kadi yenye ngazi tano za rangi iitwayo FAMACHA. Inafanya kazi kwa sababu mnyoo huyo, Haemonchus, hukaa katika tumbo la nne na kunyonya damu. Mmoja hunyonya kiasi kidogo mno, kama tone, kwa siku. Lakini wakiwa 5,000, na idadi hiyo si ya ajabu msimu wa mvua, kondoo hupoteza karibu robo lita ya damu kila siku. Jike mmoja wa mnyoo hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Katika joto na unyevu wetu mayai hayo huwa viluwiluwi tayari kwa kuambukiza ndani ya wiki moja tu. Kondoo akishaishiwa damu utaona uvimbe laini chini ya taya, na hapo umechelewa sana.

Ninayempa dawa ni yule mwenye macho meupe au yaliyofifia mno. Wenye macho mekundu nawaacha. Wengi hushangaa, wanasema si bora kuwapa wote mara moja kila baada ya miezi mitatu? Hapana. Ukiwapa wote, minyoo inayobaki hai ni ile sugu peke yake, nayo ndiyo itakayozaa. Baada ya miaka michache dawa ya dukani itakuwa maji tu. Ukiwaacha baadhi bila dawa, minyoo dhaifu inaendelea kuchanganyika na sugu, na dawa yako inadumu. Na jike ambaye mwaka mzima hajahitaji dawa, huyo ndiye ninayemwekea alama: wanawe nawabakiza zizini.

Kufungua ni saa tatu, umande ukishakauka. Sababu ni ile ile. Viluwiluwi vya minyoo hupanda jani la nyasi kwa kutumia utando wa maji, na jua likikausha jani hushuka kwenye udongo. Kondoo anayelishwa saa moja asubuhi anakunywa ugonjwa pamoja na umande. Mchungaji wangu kijana ilimchukua muda kulikubali hili, kwani alikotoka mifugo hutoka alfajiri.

Malisho ya Mkuza yamebadilika. Miaka ya nyuma palikuwa na mapori kati ya nyumba na nyumba, leo tunachunga kwenye viwanja ambavyo wenyewe hawajajenga, kando ya mitaro, na chini ya mikorosho na miembe ya majirani kwa makubaliano. Hapo kondoo ana heshima ambayo mbuzi hana. Mbuzi hupenda kunyanyua kichwa ale majani na magome, na mkorosho mchanga hauponi mbele yake. Kondoo huinamisha kichwa na kula nyasi. Mwenye shamba anapaliliwa bure na kuachiwa samadi. Tahadhari ni moja: mikorosho ikipulizwa salfa dhidi ya ubwiriunga, tunakaa mbali mpaka mwenye shamba aseme.

Kinachonitia uchungu viwanjani ni plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019 na kweli imepungua, lakini ya zamani bado imo ardhini, na mvua huifukua. Kondoo akiila, hukaa tumboni, haiyeyuki, haitoki. Nimewahi kumchinja jike aliyekonda bila ugonjwa, nikatoa tumboni donge la plastiki na kamba kubwa kama kichwa cha mtoto.

Saa sita wanarudi kivulini, wanakunywa maji, wanalala wakicheua. Wanatoka tena saa tisa mpaka jua linapoelekea kuzama, nahesabu wakiingia, natia maji na chumvi. Hesabu ya jioni ndiyo muhimu kuliko zote. Usiku hofu yetu ni mbwa wanaozurura na wezi wanaokuja na bodaboda.

Kuna jambo moja la hapa Kibaha ambalo sijaliona likisemwa vya kutosha. Huku ni mji wa kuku. Vifaranga, mayai, vyakula vya kuku vimejaa kila mtaa, na mbolea ya kuku ni rahisi. Mfugaji wa kondoo akiona nyasi zimekauka huona ni busara kununua chakula cha kuku kilichobaki au kuchanganya mbolea ya kuku na pumba, kwa sababu ng'ombe hupewa na hawadhuriki. Mwaka wangu wa tatu nilifanya hivyo. Kondoo walinawiri majuma kadhaa. Kisha ndani ya siku chache majike manne walipata macho ya njano, wakakojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi, wakafa. Chakula cha kuku huongezwa madini ya shaba, na kondoo kuliko mifugo yote hawezi kuiondoa shaba mwilini. Ini lake huihifadhi kimya kimya hadi lifurike. Hata jiwe la chumvi la ng'ombe lina shaba. Soma kibandiko, na kama hakuna kibandiko, mpe chumvi ya jikoni.

Basi kama hatusokoti, tunapata nini? Nyama, kwanza, na hasa kwa Idd el Hajj. Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafi, na huko mbuzi wa udhia hutakiwa atimize miaka miwili, ilhali kondoo hutosha akitimiza mwaka mmoja. Hilo ni fao kubwa kwa mfugaji mdogo. Mimba ya kondoo ni siku 150 hivi, kwa hiyo dume wa Idd anapaswa kutungwa miezi 17 kabla ya siku yenyewe. Na kwa kuwa Idd hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kalenda ya kupandisha nayo lazima irudi. Wengi hawapigi hesabu hiyo, wanakuja sokoni na wana wa miezi minane.

Pili ni ngozi, na hapa ndipo jibu la mama wa maandazi lilipo. Zile nywele chache alizoziona kuwa si kitu, kwa mtengeneza ngozi ni utajiri. Ngozi ya kondoo wa sufu imejaa vinyweleo na mafuta, kwa hiyo ikisindikwa huwa legevu, na tabaka la juu huachana na la chini. Ngozi ya kondoo wa nywele imeshikana, ni nyembamba na imara. Ngozi za kondoo wa Ethiopia husakwa duniani kwa glavu, na kampuni ya Pittards ya Uingereza ilizinunua kwa miaka mingi. Kondoo wetu ni wa jamaa hiyo. Lakini nenda mtaani siku ya pili ya Idd uone ngozi zilikotupwa. Zilizobaki zina mikato ya kisu, au zimeanikwa chini kwenye jua kali zikapasuka. Ngozi huchunwa kwa ngumi zaidi kuliko kwa kisu, hupakwa chumvi upande wa nyama ndani ya saa chache, huwambwa kivulini. Kazi hii haihitaji mtaji. Inahitaji mchinjaji aliyefundishwa. Nasikitika kwamba tunatamani sufu ambayo haitaota, wakati tunazika ngozi.

Na anayependa kusokota, asokote. Aagize sufu safi kutoka Nanyuki, au bora zaidi achukue pamba, atengeneze pia yake kwa kigae na kijiti kama watu wa Kilwa. Kilo moja ya pamba iliyochambuliwa inamtosha kujifunzia kwa miezi. Mama wa maandazi alinipa wazo hilo mwenyewe. Baada ya kunisikiliza alitazama juu kwenye msufi akasema, "Bibi yangu alikuwa akisokota pamba pajani, mimi sikujifunza."

Neno langu la mwisho ni kwa wenye kondoo wa Mkuza, Pangani, Visiga na Kisarawe. Ukinunua kundi la kuanzia, chagua majike wekundu wa Kimasai au wa kichwa cheusi waliozaliwa huku huku tambarare, wenye kope nyekundu na kwato kavu, na umwache yule atakayekuuzia kondoo wa sufu. Ulizia ofisi ya mifugo ya kata yako tarehe ya chanjo ya sotoka. Na masika inapokaribia, kusanya kinyesi kibichi, kiasi cha kijiko kutoka kwa kila kondoo, ukifunge, ukipeleke kupimwa siku hiyo hiyo, kabla hujaenda duka la dawa.